Mkono katika tundu la lango

Leo mahakamani Uvira, mshtakiwa amekataa kuokolewa na avoka wake, yaani wakili.

Mama Furaha, mshonaji wa mtaa wa Nyamianda, anadai fidia. Mbwa wa jirani alimng'ata mkono wa kulia, na vidole viwili havikunjiki tena.

Ilikuwa siku risasi zilipolia mtaani. Alikimbilia kwa jirani, mtoto mgongoni, akaingiza mkono kwenye tundu la lango ili afungue komeo. Ndivyo alivyofungua kila siku akienda kuchota maji kwao.

Avoka wa jirani akasema alijitakia, hakubisha hodi.

"Nilibisha," akajibu Mama Furaha. "Niliita Papa Moïse mara tatu."

Jaji akamgeukia Papa Moïse, jirani mwenyewe. Je, alisikia?

Avoka akamvuta shati. Mzee akasimama hata hivyo.

"Nilisikia. Nilijua ni yeye. Nilifikiri kuna watu wanamufuata. Mbwa, ni miye nilimufungua kamba."



Mama Furaha akasema polepole: "Siku zote nilijiambia hamukuwa mule nyumbani."

Kesi yake sasa ina nguvu. Ameondoka bila kuuliza tarehe ya hukumu.

Niambieni kweli: ninyi mungefungua lango?