Nilivyogonga Mara Mbili Chini ya Tenti

Chekeni tu, wamama. Najua mnaniita yule mama wa kufufuka pale Mamboleo, hata juzi nimeisikia hiyo stori kwa kinyozi (nilikuwa nimepeleka mtoto kunyolewa, na huyo msimulizi hakujua mimi mwenyewe nimekaa hapo nyuma yake), na alikuwa anaisimulia vizuri kuliko ninavyoweza mimi, watu wanashika mbavu. Lakini wote wanaoisimulia wanaacha kitu kimoja kwa sababu hawakijui, na hicho ndicho kinaninyima usingizi, maana siku hiyo fundi Barasa alikaribia kuuawa na mkono wangu ulikuwa ndani. Leo nitawaambia yote. Mkicheka sawa, mkinyamaza pia sawa.

Mnajua pikapu yangu, ile ya buluu ya kubeba samaki kutoka Usenge. Ilikuwa imeanza sauti, ukiweka gia ya kwanza uondoke, kong! Ukitoa mguu kwa mafuta, kong! kama mtu anapiga sufuria chini ya kiti chako. Fundi wa kwanza akasema ni maunting za giaboksi, zile raba zinazoishikilia, nikanunua maunting, kong. Wa pili akasema ni difu imekwisha, lile boksi la gia katikati ya magurudumu ya nyuma, akaifungua nikakaa kwa jua siku nzima namngoja, akaifunga, kong, na sasa mafuta pia inavuja. Kwa hiyo nilipofika kwa Barasa pale Manyatta roho yangu ilikuwa imechemka, nikiona mtu ameshika spana naona mwizi, na Barasa maskini hakuwa amenikosea kitu. Ni mtu wa mdomo, anaimba hata akifunga nati, na sifa yake ni sikio: anasema anaweza kujua ugonjwa wa gari kabla haijaingia kwa geti (anayesema hivyo ni yeye mwenyewe, na anasema sana).

Akazunguka pikapu, akapiga magoti, akaichungulia chini. "Mama Atieno," akaniambia, "hii sauti haitaki kubahatisha. Wewe shika usukani, mimi nilale hapo nyuma na bisibisi yangu." Ana bisibisi ndefu ya mpini wa mbao, anaweka ncha kwa chuma na mpini kwa sikio, lile sikio lingine anaziba na kitambaa, halafu sauti inapanda yenyewe mpaka kichwani. Tungeenda hivyo mpaka Mamboleo turudi, na yeye angejua kama ni propela, ile chuma ndefu inayopeleka nguvu kwa magurudumu ya nyuma, ama ni zile krosi zake, yaani viungo vyake, ama ni kitu kingine.

Mimi nikasema hapana, nitalala mimi.

"Mama, hiyo ni kazi yangu."

"Kazi yenu ndiyo imenimaliza. Leo nataka kusikia na sikio langu, ndiyo usiniuzie kitu haijaharibika."

Akacheka, akanipa bisibisi. Yawa, angekataa! Lakini mteja akishakuwa mkali fundi afanye nini? Tukapatana alama: nikigonga bodi mara moja, asimame, nikigonga mara mbili, arudie hapo hapo kwa sababu nimeanza kuisikia. Nikapanda nyuma, nikalala kifudifudi. Ndiyo nikakumbuka askari wa trafiki, wakiona mama mzima amelala nyuma ya pikapu si tutalala ndani wote wawili? Nikavuta tenti, ile ninafunikia samaki, nikajifunika kichwa mpaka miguu, na nikamwambia Barasa, nakumbuka maneno yangu vizuri, "Usisimame mpaka nigonge. Na mtu akikuuliza umebeba nini, sema ni samaki tu."

Na kweli ilinuka samaki. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeleta mbuta na sikuwa nimeosha, barafu ilikuwa bado inayeyuka kwa pembe, na yale maji yenye damu yalikuwa yanatoka kidogo kidogo kwa mlango wa nyuma. Mnaniona nilivyo mrefu, na ile tenti ni fupi, kwa hiyo mguu mmoja ulibaki nje. Tulipopita Kondele nikasikia patipati ya mguu huo imenitoka ikaanguka barabarani. Nikajiambia wacha ikae.

Sasa haya yanayofuata niliambiwa baadaye. Nyuma yetu kulikuwa na kijana wa bodaboda, na huyo kijana, Mungu ambariki ama sijui nimwombee nini, alisimama akaokota ile patipati akatufuata aturudishie. Alipokaribia akaona mguu wa mwanamke hautingishiki, na chini yake damu inatiririka. Na mnakumbuka ni wiki ile kuna mama alikuwa amepotea huko kwetu na kila mtu alikuwa na wasiwasi. Akapiga honi, Barasa hakusimama. Akapiga tena, Barasa akaongeza mwendo, maana ndivyo nilivyomwagiza. Pale Mamboleo, mahali wachuuzi wamejaa mpaka kwa lami, kijana akamkata mbele, gari ikasimama ghafla ikazima ikiwa ndani ya gia.

"Umebeba nini huko nyuma?"

Na Barasa akajibu, "Ni samaki tu."

Watu waliokuwa wameshaizunguka gari hawakungoja jibu la pili. Wakamvuta kwa dirisha.

Mimi niko chini ya tenti. Sikio moja limezibwa na kitambaa, lingine liko kwa bisibisi, gari kusimama nikadhani ni msongamano, na ile kelele ya nje nikaichukua kuwa kelele ya Mamboleo ya kila siku, hapo si kawaida watu kupigiana makelele? Halafu vijana wengine wakaanza kusukuma pikapu itoke barabarani. Lakini iko kwa gia, haiendi, inasonga mbele kidogo inarudi, inasonga tena inarudi, na kila ikirudi, kong! Safi kabisa, chini ya kidevu changu, upande wa nyuma karibu na difu. Kong! Wamama, nilifurahi. Nilifikiri ni Barasa anaitingisha kwa klachi ili nisikie. Nikasema moyoni, sasa leo nimewashika hawa mafundi, nikainua mpini wa bisibisi nikagonga mara mbili: rudia.

Huko nje mtu akapiga nduru, "Yuko hai! Anagonga! Mama wa watu bado yuko hai humo!"

Pikapu ikatingishika tena, kong, kong. Nikasogeza bisibisi kidogo nihakikishe, nikagonga tena mara mbili. Rudia, Barasa.

Halafu tenti ikatolewa, jua likanipiga machoni. Nikakaa wima na magamba ya mbuta kwenye nywele, nguo imepanda mpaka hapa, bisibisi mkononi, na badala ya kuuliza kuna nini mimi nikafoka, "Nani ametoa tenti? Nilikuwa karibu nipate!" Mama mmoja aliyekuwa amekaribia akarudi kinyumenyume akaangukia nyanya zake. Wengine wakakimbia. Halafu mtu mmoja akacheka, wakacheka wote, na mimi nikacheka. Ndiyo, nilicheka. Nilidhani aibu yote ya siku hiyo ni ya nguo yangu.

Nikaangalia nimwone Barasa naye anacheka vipi. Nikaona kiatu chake kwanza. Yeye mwenyewe alikuwa kwa mtaro, ameinama amekumbatia kichwa, shati halina mgongo, damu inatoka kwa sikio la kushoto.

Niliruka nikapiga nduru, "Huyo ni fundi wangu! Ni fundi wangu!" na mnajua watu, walianza kuondoka mmoja mmoja kana kwamba kila mtu amekumbuka alikuwa ametumwa mahali. Kijana wa bodaboda ndiye alibaki. Alikuwa analia, akaninyooshea patipati yangu, akasema, "Pole mama, tulikuwa tunakuokoa." Tulimbeba Barasa sisi wawili tukamweka kiti cha mbele, nikashika usukani mimi, kama vile alivyotaka tangu mwanzo, tukaelekea hospitali, na kila nikibadilisha gia, kong, naye anashtuka.

Njiani akafungua mdomo uliovimba. "Uliisikia wapi?"

"Nyuma, karibu na difu."

"Ni krosi," akasema. "Krosi ya nyuma." Na kweli ilikuwa ni hiyo, kitu kidogo cha kubadilisha asubuhi moja.

Alipona mbavu, uso ukarudi, lakini sikio la kushoto halikurudi. Daktari alisema ngozi ya ndani ilipasuka vibaya. Siku hizi gari ikija anaambia dereva azunguke upande ule mwingine, anafunga macho, anasikiliza, anaomba awashe tena, na wateja hawana subira hiyo. Haimbi tena akifanya kazi. Mimi bado nampelekea pikapu, hata ikiwa nzima nampelekea.

Na ameniuliza. Aliniuliza pale kitandani na ameniuliza tena mwezi uliopita, bila ubaya. "Mama Atieno, kuna kitu sielewi. Walikuwa wameanza kuniacha. Kuna mzee mmoja alisema mwacheni aeleze, wakanisimamisha, nikaanza kueleza. Halafu ghafla wakanirukia mara ya pili kama wamepagawa. Ni nini kiliwaingia?"

Nikamwambia sijui, na najua ni pale nilipogonga.

Basi nyinyi ndio mmejua kabla yake, na hiyo pia ni aibu, kwa sababu nimekuwa nikijificha ndani ya kicheko chenu muda huu wote. Kesho naenda Manyatta. Mimi kugonga kitu tena, hata mlango wa jirani, nimeapa sigongi. Nitasimama kwa geti yake niite hodi na mdomo wangu, kwa sauti, na akiniambia karibu nitaenda nisimame upande wake wa kulia, ndiyo nisilazimike kusema neno hilo mara mbili.