Mpiga Kengele wa Gozo

Kila kiangazi kinapoelekea kwisha, mpiga kengele wa kanisa kisiwani Gozo huketi ukingoni mwa jabali na darubini yake, akisubiri mwewe wanaovuka bahari kwenda Afrika. Viganja vyake vimeota sugu kwa kuvuta kamba ya kengele, lakini ndege akitokea huinua darubini polepole. Jana mlio wa bunduki ulipasua anga, mwewe akaanguka karibu naye. Mdogo wake, Wistin, akaja mbio akicheka.

“Kaka, lete windo langu!”

Mpiga kengele hakumgombeza. Alimwokota ndege, akamweka mikononi mwa Wistin.

“Mshike vizuri. Bado yu hai.”

Moyo wa ndege ukadunda kiganjani mwa Wistin, ukadunda tena, ukanyamaza. Kicheko kikamkauka.

“Alikuwa mpita njia tu,” kaka akasema taratibu.

Wistin akabaki amesimama, asijue amweke wapi ndege yule.