Chumba cha Dada Juu ya Kijito

Dada yangu mkubwa ni kiziwi, lakini mtaani wanamwita Spika. Anayeuliza kwa nini, basi hajawahi kusalimiwa naye. "Hujambo" yake inavuka barabara, na ukimwomba apunguze, anakuapia kwamba amenong'ona.

Masikio yake yalibaki kwenye kiwanda cha nguo. Aliingia binti mbichi, akapewa mitambo ya kufuma, akatoka mwanamke wa makamo asiyesikia hata mlango ukipigwa teke. Mle ndani mitambo yote iligonga kwa pamoja. Ukipiga kelele ulijisikia kooni tu. Kwa hiyo wafumaji hawakuhangaika na sauti. Walikuza mdomo, wakazungumza kimya kutoka mtambo hadi mtambo, wakaulizana hali za watoto, wakamsengenya msimamizi naye amesimama katikati yao kama nguzo. Mtu mwingine akiwa na la siri hushusha sauti. Mfumaji huiondoa sauti kabisa, akapanua mdomo.

Aliyetazamana naye kazini alikuwa wifi yetu, kabla hajawa wifi. Dada ndiye aliyemwona, akamsifia kwa kaka yetu, karani wa stoo ya marobota, mpaka wakaoana. Wanawake hao wawili wana mapengo yanayofanana. Kwenye mtambo, kibao kinachorushwa huku na huku na uzi kilikuwa na tundu, na kila uzi ulipokwisha ulitakiwa uweke mdomo pale, uvute uzi mpya kwa pumzi. Vumbi na rangi vikala meno.

"Tumebusu mbao kuliko tulivyobusu wanaume," wifi alikuwa akisema.

Baba yetu alikuwa mtia rangi nguo hapohapo kiwandani. Maji ya mapipa yake yaliingia kijitoni, na kijito kikateremka katikati ya mtaa, leo bluu, kesho chekundu kama kuna aliyechinjwa. Kulikuwa na mzee ambaye kazi yake ilikuwa kusimama na reki, akiondoa matambara kwenye nondo zilizokingama kijitoni, kisizibe. Leo ukimwambia kijana kwamba mtu aliajiriwa kwa kazi hiyo, anakucheka. Uvundo ulipozidi, wakakifunika kijito kwa mabamba ya zege, wakagawa viwanja pembeni na juu yake. Baba akajenga vyumba viwili na jiko. Kisha kiwanda kikafungwa, mitambo ikakatwakatwa ikauzwa chuma chakavu, baba akafa, tukabaki na nyumba.

Chumba cha mbele tumempangisha fundi viatu. Cha nyuma, chenye maji chini yake, ni cha dada. Mimi nimeolewa mtaa wa pili, lakini nashinda kwake na cherehani yangu. Mvua ikinyesha kule juu, sakafu yake hutetemeka. Mimi huogopa. Yeye huvua ndala, akakanyaga, akatutangazia kwamba maji yamejaa. Mtoto hana. Mume aliondoka zamani, eti hawezi kulala na mke anayenguruma. Chumba hicho ndicho alichonacho duniani.

Mwaka jana, Jumapili moja mchana, kaka akaja na mkewe na karatasi. Akaketi mbele ya dada, akamtamkia polepole kama anayemlisha mgonjwa uji.

"Dada, manispaa wanakifukua kijito. Nyumba zote zilizo juu ya maji zinavunjwa. Tukisaini mapema tutapewa kiwanja kwingine. Wewe utakaa kwangu. Mimi nikuache wewe, uliyenilea?"

"Chumba changu peke yangu?" dada akauliza, mtaa mzima ukaulizwa.

"Peke yako. Na dirisha kubwa. Haya, wewe ndiye mkubwa wetu, anza."

Mimi nilikuwa na maswali mawili matatu. Kaka aliyapunga kwa mkono kama inzi. Dada akashika kalamu, akainama kutafuta miwani. Hapo kaka akainuka, akaenda mlangoni alikoketi mkewe, akampa dada mgongo. Amekulia mikononi mwake, anajua: ukitaka kumficha, usimwonyeshe uso. Akamnong'oneza mkewe. Mimi nilinasa neno "funguo" tu.

Wifi alikuwa ameketi uso ukielekea ndani, kwetu. Naye alitaka kuficha, tena kwa bidii, mimi nisisikie. Basi akafanya alichofanya maisha yake yote. Akaiondoa sauti, akapanua mdomo, akamjibu mumewe.

Dada alikwisha kuvaa miwani na kuinua uso. Akaiweka kalamu chini.

"Mnunuzi gani huyo anayetaka funguo Ijumaa?"

Chumba cha mbele, nyundo ya fundi viatu ikanyamaza. Kaka akageuka, macho kwangu.

"Umemwambia nini?"

"Mimi? Ndiyo kwanza nasikia, kaka."

"Kasema mkeo," dada akamwambia. "Kasema nikishasaini niambiwe kwenu kumejaa, nikabanane kwa huyu mdogo wangu."

"Mke wangu hajafungua mdomo!"

"Kafungua sana. Sauti tu ndiyo hakuitoa."

Wifi akaziba mdomo kwa kiganja, amechelewa. Dada akamgeukia, akaanza kumsemesha bila sauti. Wifi akaondoa mkono, akajibu. Wakaendelea hivyo kwa muda, chumba kimya, midomo inakwenda, kaka anatazama ukuta. Mwishowe wifi akalia, akatoka.

Jioni nilimwandikia dada: alisemaje?

"Nilimuuliza kama manispaa ni kweli. Kasema hakuna manispaa. Nikamuuliza, sasa wewe ungenitazama vipi? Kasema kachoka kupanga nyumba za watu."

Karatasi haikusainiwa. Mnunuzi akaenda zake, kaka naye akakata mguu. Majirani walikuja kumpongeza. "Spika, umewakomesha!" Hata mimi nilimpongeza, mjinga mimi.

Wafumaji wengine wamekufa au wamerudi kwao. Wifi ndiye aliyekuwa amebaki. Alikuwa akija kila alasiri, wanaketi wakitazamana, wanasengenya mji mzima bila sauti na kucheka mpaka mabega yanaruka. Sasa nimebaki mimi. Nakuza mdomo mpaka taya zinauma, dada ananitazama kama bango lililofutika.

"Unatafuna," ananiambia. "Basi, acha, andika."

Naandika. Lakini umbea wa kuandika hauna chumvi, na mimi mwandiko wangu ni wa shule ya msingi. Baada ya mistari miwili tunachoka wote.

Wifi hana njia nyingine ya kwenda sokoni. Akikaribia mlango wetu huvuta pindo la mtandio, akafunika mdomo, akapita. Juzi dada alikuwa amesimama kizingitini. Akamfuata kwa macho mpaka akapinda kona, kisha akaniuliza, wapita njia wakageuka:

"Kasema kitu?"

Nikatikisa kichwa. Ningejuaje?