Mti Ambao Sikuupanda Kilimani

Anayepanda kutoka Butembo kwenda Masereka haongozwi na vibao. Anaongozwa na miti. Mikaratusi mirefu ya kando ya barabara ilipandwa wakati wa Wabelgiji, na watu waliotolewa mashambani kwa kiboko. Misipresi ni ya misheni. Na juu ya kilima chetu umesimama mutoma, ule mti ambao wazee walitwanga gome lake kuwa nguo. Babu wa baba yangu alipomaliza kufyeka msitu alisimika fimbo ya mutoma, ikashika. Ndiyo historia yote ya kilima, na haikuandikwa mahali pengine.

Kwetu anayepanda mti amesema udongo ni wake. Anayelima shamba la kuazima anaruhusiwa maharagwe na viazi, hata akilima mpaka azeeke. Mti haruhusiwi. Akiupanda, wenyewe watakuja kuung'oa, na hakuna atakayewalaumu. Nilimaliza sekondari, nikauza vitambaa Butembo miaka mingi, lakini jambo hili nililijua kabla ya kujua kusoma.

Wakati wa uasi baba aliishi kwangu mjini, miguu imevimba. Mdogo wangu wa kike alibaki kilimani. Alikuwa mjane; wakwe zake walimfukuza na watoto wake, na baba akampa shamba lililo chini ya mutoma. Alimpa kwa mdomo tu. Mtoto wa baba mdogo akaanza kusema kwamba mwanamke aliyekwisha kuolewa hana udongo kwa baba yake. Dawa ilikuwa moja: baba apande fimbo ya mutoma katika shamba lile kwa mkono wake, majirani wakiona.

Siku moja ya soko mdogo wangu akafika Butembo juu ya magunia ya viazi, katika lori la mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa Beni ambaye alikuwa akiendesha mwenyewe.

"Yaya, nimekuya kubeba baba," akasema kabla ya kukaa; yaya kwetu ni ndugu mkubwa. "Apande ule muti, kisha namurudisha."

"Na barrière ya maaskari njiani?"

"Barrière iko kila siku. Banakula viazi yangu, banaacha nipite."

"Muzee atakaa mbele na mimi," akasema mwenye lori. "Basoda banaheshimiaka muzee. Mimi banaheshimiaka tu sigara yangu."

Baba alikwisha kuvaa koti, anatafuta kiatu cha pili chini ya kitanda.

"Mais tungoje," nikasema. "Tungoje barabara itulie kwanza."

"Yaya, barabara ilitulia siku gani?"

Nilitoka nje, nikarudi, nikatoka tena. Baba aliketi kitandani na kiatu kimoja mguuni mpaka lori likaondoka bila yeye.

Barabara niliiogopa kweli. Watu walikuwa wakiporwa na kuuawa humo. Lakini nilikuwa pia na wavulana wawili, na kila nilipofunga duka nilikuwa nikiligawa lile shamba kichwani, upande huu wa mmoja, upande ule wa mwingine. Hilo sikumwambia mtu.

Baba alifia Butembo. Tulimpeleka kilimani kwa lori lile lile. Kwenye barrière askari walivua kofia, wakainua mti wa kizuizi, tukapita bila kuulizwa kitu.

Baada ya mazishi wazee wakakaa. Mkubwa wao akakata tawi la mutoma, akalichonga ncha, akaliweka mbele yangu.

"Baba yako alitaka hivi. Sasa mukubwa ni wewe. Simika, tukunywe kasiksi, twende."

"Mumutafutie gants ya kuvaa mikononi kwanza," akasema mtoto wa baba mdogo. "Mutu ya Butembo anaogopa matope."

Watu wakacheka. Mdogo wangu hakucheka. Alisimama karibu na kaburi na jembe mkononi, tayari kunichimbia shimo.

"Tungoje vita iishe," nikasema. "Tufanye vizuri, bantu bote bakiwa hapa."

Mzee akanitazama. "Donc hapana."

"Sikusema hapana, baba."

"Umesema."

Akaliegemeza lile tawi ukutani, wakanywa kasiksi yao, pombe ya ndizi, wakaenda. Vita haikuisha. Msimu uliofuata mtoto wa baba mdogo akapanda mikaratusi katika lile shamba, na hakuna aliyekwenda kuing'oa. Mimi ndiye niliyepaswa kwenda.

Mdogo wangu akashusha watoto wake bondeni, wakapita Beni, wakaenda Mabalako kuazima udongo kwenye msitu, kama wanavyofanya watu wetu milima inapowashinda. Vijana wangu hawakutaka jembe. Mmoja anauza simu, mwingine alivuka mpaka wa Uganda. Nami sikai nikatulia. Redio ikitaja mauaji ya upande ule nasimama, naipiga namba yake, nasubiri.

Majuzi alipokea.

"Rudi Butembo," nikamwambia. "Niko na chumba."

"Ndani ya chumba nitalima nini, yaya?" Akacheka, kicheko cha kweli, kisicho na hasira. Afadhali angenitukana. Kisha akasema ngoja, kuna watu wanakimbia barabarani, anataka kujua wanatoka upande gani.

Tangu hapo simu yake haiiti. Leo nimekwenda parking ya magari ya Beni asubuhi, nikarudi nyumbani, nikaenda tena. Nawauliza madereva wanaoshuka kutoka kule. Wanasema wameona watu wengi wamebeba magodoro kichwani, na hakuna hata dereva mmoja aliyesimamisha gari.