Jani Nililofungia Kioo cha Ndege

Kuna mambo mtu unayafanya ukiwa na akili zako timamu, mchana kweupe, umekunywa chai tu, na bado hupati hata kisingizio cha ulevi. Mwaka juzi, siku ya pili ya Krismasi, nilimwingiza baba mkwe wangu kwenye aibu mbele ya ukoo mzima, na mimi ndiye niliyekuwa mtu wa mwisho pale uani kujua nimefanya nini. Mke wangu Inviolata (sisi tunamwita Vio) ameshaisimulia habari hii kwenye vikao viwili vya harusi, na kila akiisimulia mimi nazidi kuwa mjinga, kwa hiyo bora mnisikie mwenyewe.

Mimi ni fundi simu, meza yangu iko Kiboriloni na nyumbani ni Soweto, hapahapa Moshi. Nimezaliwa Moshi, ndiyo, lakini Moshi ya chini, ya miwa, wazazi wangu walitoka Singida kuja kufanya kazi kiwandani, kwa hiyo mambo ya watu wa mlimani nilikuwa nayajua kwa mbali tu, kama ninavyoujua mlima wenyewe. Halafu nina ugonjwa mmoja (kila mtu ana wake), natengeneza vindege vya rimoti kwa lile povu jeupe linalokuja kwenye maboksi ya televisheni. Baba mkwe, Mzee Aleksi wa Kibosho, alipoambiwa wakati wa posa kwamba mchumba wa binti yake anatengeneza ndege, alifurahi mno. Alipokuja kujua ni ndege za aina gani, aliuliza kama kwenye ukoo wetu kuna mtu mwenye ugonjwa wa akili.

Sasa ile ndiyo ilikuwa Krismasi yangu ya kwanza nikiwa mkwe, nikasema moyoni nitapanda na ndege nzuri kiasi kwamba mzee mwenyewe atanipa heshima yangu. Nilihangaika hasa na kile kioo cha rubani, kile kinachokaa juu kama bakuli lililogeuzwa. Unachonga umbo la mti, unalichomeka ndani ya chupa ya maji, unaizungusha juu ya jiko la mkaa, plastiki inajikunja na kulishika umbo, ukikata unapata kioo safi kabisa. Ndani yake, juu ya kijikadi kilichokuwa sakafu ya kioo, nikamweka rubani, na kwenye kichwa cha rubani nikabandika picha ya Mzee Aleksi mwenyewe niliyoikata kwenye picha za harusi yetu, amevaa suti. Nilijiona nina akili sana.

Kioo cha kwanza nilikigandisha kwa supaglu. Asubuhi nakuta kimeota ukungu mweupe (mvuke wa ile gundi na plastiki hawapatani, hilo nililijua nikiwa nimeshachelewa), baba mkwe ndani anaonekana kama mtu anayeoga maji ya moto. Nikatengeneza cha pili, hiki nikakishikiza kwa selotepu. Barabara ya Kibosho mnaijua, tulipofika juu selotepu imejaa vumbi na imebanduka yote, na ile ya akiba Vio alishaimaliza kufungia zawadi za watoto wa dada zake.

Hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi wangu mdogo. Watu walikuwa uani wanakula ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, Mzee Aleksi ameshatangaza kwamba mkwe atarusha ndege baada ya chakula, na kwa namna alivyolitamka lile neno ndege nilijua ananipa nafasi ya mwisho. Nikazunguka nyuma ya migomba natafuta kamba. Nikafika mwisho wa kihamba, lile shamba la ukoo, mpakani na jirani, kuna ua wa mimea yenye majani marefu membamba, magumu kama mkanda. Nikachuma moja, nikalipitisha juu ya kioo, nikalipenyeza kwenye matundu ya kile kijikadi, nikalizungusha chini ya tumbo la ndege, nikalikaza kwa fundo juu kabisa. Lilipendeza. Nilidhani hata ile rangi ya kijani imeiongezea uzuri.

Sasa huyo jirani ni Mzee Klementi, na habari zake nilikuwa nimeonywa. Miaka tisa nyuma Mzee Aleksi alisimama kwenye kikao cha ukoo akamwita mwizi wa ardhi, kwamba ameusogeza mpaka usiku. Wakaja watu wa kupima, wakapima, mpaka haukuwa umesogea hata hatua moja. Mzee Klementi akasema anasubiri kuombwa msamaha. Mzee Aleksi akaapa kwamba atasubiri mpaka achoke. Tangu hapo hawajasalimiana, wala watoto hawachezi pamoja, na Vio aliniambia nikiwa pale kwao nisilitaje hata jina.

Ndege nikairusha kwenye kiwanja kilicho mbele ya nyumba. Ikapaa vizuri jamani, ikakata kona, ikarudi, mashangazi wanaishangilia, Mzee Aleksi amevaa miwani na nikaona kabisa anatabasamu. Dakika ya nne nikaizungusha juu ya migomba, jani likapasuka kule chini ya tumbo, nikaona kitu kinachong'aa kinaachia na kushuka taratibu upande wa pili wa mpaka. Ndege ikayumba, nikaitua kwenye mibuni, nikasema haidhuru, kioo nitatengeneza kingine.

Baada ya kama robo saa, watu wakageuka kuangalia mpakani. Nageuka, namwona Mzee Klementi anapita kwenye uwazi wa ule ua, amevaa koti, nyuma yake mkewe, wanawe na wake zao, wamejipanga kama wanaenda kupokea komunyo. Ameshika kioo changu kwa mikono miwili, baba mkwe yumo ndani na suti yake, lile jani na fundo lake viko juu palepale. Nikajua kimempiga mtu. Nikakimbia kumpokea kabla mambo hayajawa makubwa.

"Shikamoo Mzee," nikasema. "Samahani sana, ni kosa letu."

"Marahaba. Kosa la nani, mwanangu?"

"La kwetu, Mzee. La huku kwetu kabisa. Kama kuna mtu ameumia tuko tayari kubeba."

"Tumeumia miaka tisa," akasema.

Nikapiga hesabu, nikaona haiji, kwa sababu ndege ilikuwa hewani dakika nne. Nikamwambia polepole (nilidhani ni mambo ya uzee) kwamba hapana, Mzee, ni leo tu. "Ndiyo," akajibu, "ni leo tu. Imetosha." Mkewe akaanza kulia. Shangazi mmoja wa Vio akapiga kigelegele, mwenzake akamfuata, na mama mkwe akakaa chini pale alipokuwa amesimama, akajifunika uso kwa kanga. Mimi nimesimama na rimoti yangu katikati, nageukia huku, nageukia kule, hakuna anayeniambia kitu.

Vio akatoka jikoni na mwiko mkononi. Akaangalia kioo, akaniangalia mimi.

"Hilo jani umelitoa wapi?"

"Pale mpakani."

"Ukalipiga na fundo?"

"Sasa ningelifungaje bila fundo?"

Akaniinamia sikioni. Akaniambia lile ni sale, na kwao mtu akikukosea kosa kubwa, siku akitaka kusamehewa anakutumia sale lenye fundo, na wewe ukishalipokea huwezi kukataa, unasamehe. "Na aliyelituma hawezi kulikana," akasema. "Akilikana ni vita mpaka kwa wajukuu. Na wewe umeweka na picha yake."

Nilitamani mlima unifunike. Maana nilielewa yote kwa mpigo mmoja. Baba mkwe akisema ukweli, kwamba ni upuuzi wa mkwe wake, Mzee Klementi amedhalilishwa mara ya pili, mbele ya wanawe, na safari hii hakuna tena wa kuwapatanisha. Akinyamaza, miaka yake tisa ya ukaidi imeishia kwenye chupa ya maji. Na vyovyote iwavyo mimi nimekwisha. Nikafungua mdomo niseme ni mimi, Vio akanikanyaga mguu.

Mzee Aleksi alikuwa bado ameketi. Akaweka chini sahani yake, akafuta mikono, akanyanyuka, akaja. Akakichukua kile kioo, akajiangalia humo ndani kwa muda ambao sikuupenda.

"Klementi. Limekufika?"

"Limenifika."

"Basi ni langu. Nilikuita mwizi mbele ya watu hawahawa, na mpaka haukusogea." Akanionyesha kwa kidevu bila kuniangalia. "Kijana nimemtuma mimi."

Mzee Klementi akakalishwa, akakatiwa ndafu, akapewa mbege, ile pombe ya ndizi, na watu wakaja kunipa mkono mmoja mmoja, wananiambia mkwe mwenye busara, anazijua mila kuliko watoto wa hapa. Nikawa naitikia tu asante, asante, uso unawaka moto. Tangu siku hiyo nimeapa, nikienda ukweni nabeba selotepu tatu, na sichumi hata mchicha bila kuuliza.

Jua lilipoanza kushuka baba mkwe aliniita kwenye mibuni, ananisaidia kuitafuta ndege. Nikajiandaa kwa matusi. Akaiokota, akaipangusa bawa, akaniuliza inafika umbali gani.

"Kama mita mia tatu hivi, Baba. Zaidi ya hapo rimoti haishiki."

"Kwa hiyo Sanya Juu haifiki."

"Haifiki, Baba."

Sanya Juu yuko mdogo wake, waligombana kwenye msiba wa mama yao na mimi hata sikujua kama ana mdogo. Akanirudishia ndege. Akaniambia nilale mapema, kesho saa kumi na mbili niwe tayari, nitaendesha gari tu, jani atalishika mwenyewe.