Jina la Cedric Kwenye Fomu ya Lamont

Siku ya mwisho ya kupeleka maombi, foleni ya ofisi ya vibali ya jiji la Oakland ilifika mpaka barabarani. Kanuni mpya ilisema anayetaka kufungua duka la bangi atatangulizwa ikiwa aliwahi kuhukumiwa kwa bangi humohumo jijini. Jiji lililowafunga vijana weusi wa mitaa ya mashariki kwa misokoto miwili, sasa liliwataka walete ushahidi kwamba lilikuwa limewafunga.

"Kumbe jela ilikuwa chuo," mzee mmoja nyuma ya Lamont Pettway alisema. "Leo tumeleta vyeti."

Watu wakacheka. Lamont hakucheka.

Karani, Bi Renata, alimweleza kwa upole kwamba alama za vidole kwenye faili la mwaka 1998 ni zake, lakini jina si lake. Jina ni la Cedric Pettway. Lamont akakiri. Alipokamatwa alikuwa anatumikia kifungo cha nje, na kosa la pili lingemtupa gerezani miaka mingi. Basi akawatajia polisi jina la kaka yake, ambaye hakuwa na doa. Bi Renata akasema njia ipo. Aape kwa maandishi, na kwa kuwa Cedric ni marehemu, ndugu mwingine wa karibu atie saini kabla ofisi haijafungwa saa kumi na moja.

Ndugu huyo alikuwa mmoja tu duniani: mama yao.

Cedric alikuwa amefaulu mtihani wa udereva wa mabasi. Faili lile likamfungia mlango huo, na kila mlango alioubisha baadaye, mpaka akafia chini ya daraja la barabara kuu, Januari ya mvua. Miaka yote Mama Odessa aliwaambia waumini wenzake kwamba serikali ilimuua mwanawe kwa uongo, na Lamont, kwenye benchi lilelile, aliitikia "amina". Tangu mazishi hakuweza kulala bila kuwasha taa.

Alimkuta mama yake jikoni akichambua sukumawiki. Akaiweka karatasi mezani, akamweleza yote akiwa amesimama. Mama Odessa akajifuta mikono, akavaa miwani, akasoma kidole kikifuata mstari kwa mstari.

"Cedric alijua?"

Angeweza kusema hapana. Hakuna aliye hai ambaye angembishia.

"Alijua, Mama. Alinifuata siku ileile aliyonyimwa kazi. Akasema nikikwambia, utapoteza watoto wawili badala ya mmoja."

"Na wewe ukakaa kimya. Mwenzio anaoza mbele ya macho yako, wewe kimya."

"Ndiyo, Mama."

Mama akaigeuza karatasi, akatazama upande wa pili usio na kitu.

"Hii inamsafisha?"

"Inamsafisha. Jina lake litaondolewa kwenye lile faili."

Akachukua kalamu, akaandika taratibu.

"Nimeweka saini kwa ajili ya Cedric. Duka lako silijui, na sitakanyaga mlangoni pake. Nenda, watafunga."

Lamont akatoka na karatasi. Kwenye ngazi alisikia hatua kama za Cedric zikipanda, akajibanza ukutani kumpisha, akasubiri kwa adabu. Hakupanda mtu.