Benki Iliyoomba Maji

Mtaani kwetu Montshiwa, hapa Mahikeng, ukitaka kwenda dukani na noti yako mkononi ilibidi kwanza umkwepe Mma-Kefilwe. Si kwamba alikuwa na duka. Alikuwa na kadi ya mkopo. Unampa noti yako, anafuatana na wewe hadi kaunta, anagusisha kadi yake kwenye mashine, na benki inamrudishia senti kidogo kwa kila alicholipia. Noti yako anaipeleka benki kufuta deni kabla riba haijastuka. Zile senti za marejesho ziligeuka pointi, na pointi Mma-Kefilwe alizipenda kuliko alivyonipenda mimi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta.

Sukari yangu ilipita kwenye kadi ile. Mafuta yangu ya kupikia, matairi ya mume wangu, hata miwani yangu hii. Nilinung'unika, lakini noti nilitoa. Alipofariki mzee mmoja wa mtaa wa nyuma, Mma-Kefilwe alisimama mbele ya wafiwa akasema jeneza atalipia yeye, wao wampe hela baadaye wakishazichanga. Watu walimshukuru kwa machozi. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye, nikamsikia akimwuliza mwenye majeneza kwa kunong'ona kama mashine yake inapokea kadi.

Msimcheke bado. Alikuwa mjane, msimamizi wa jiko hospitalini, na binti yake wa pekee, Kefilwe, alikuwa anamaliza masomo ya ufamasia Cape Town. Mshahara wote uliishia kwenye ada. Siku alipompeleka mtoto chuoni walikwenda kwa basi, safari ya mchana na usiku, akarudi na miguu imevimba hata viatu havimwingii. Tangu hapo akaapa kwamba siku Kefilwe anavaa joho, mama yake atashuka kutoka angani. Pointi zingemnunulia tiketi ya ndege. Mtaa mzima ulijua. Alishaniuliza mara kadhaa kama ndani ya ndege mtu anaruhusiwa kuvua viatu, kana kwamba mimi nililala humo jana.

Mwezi mmoja kabla ya mahafali simu yake ikalia tingi. Ujumbe wa benki ulianza na "Mteja wetu mpendwa, tunaboresha huduma zako." Benki ikikuita mpendwa, shika mkoba wako. Maboresho yenyewe yalikuwa hivi: kadi itakuwa na makato mapya kila mwezi, marejesho ya vyakula yamefutwa, na pointi zote alizokusanya thamani yake inashuka hadi nusu. Tiketi ya ndege ikawa tiketi ya nusu ya ndege.

Alipiga simu makao makuu. Akaambiwa abonyeze moja, akabonyeza. Abonyeze tatu, akabonyeza. Akapigiwa muziki mpaka salio likaisha. Akaja kwangu na khanga ya jikoni bado kiunoni, akakaa kwenye ngazi yangu akalia. Kazini walikuwa wamempa ruhusa ya siku mbili tu, na basi lingezila zote njiani. Bila ndege, Kefilwe angevaa joho lake mbele ya wazazi wa wenzake. Nilikasirika, nasema kweli. Katika pointi zile kulikuwa na sukari yangu.

Tukaenda kwa Mjomba Ntwaagae, kaka wa marehemu mama yake. Mzee huyu alistaafu reli, lakini kazi yake hasa ni kusema. Hakuna posa wala fidia ya binti aliyeharibiwa iliyopita ukoo ule bila yeye. Ya kadi hakuyaelewa, akapiga miayo mpaka alipouliza swali lake la kawaida.

"Hebu niambie ilianzaje. Wewe uliwafuata, au wao walikufuata?"

"Wao, Mjomba. Alikuja kijana wa tai pale jikoni hospitalini, jua kali. Alisimama mlangoni anatokwa na jasho. Akaniomba maji."

Mjomba akaacha kutafuna tumbaku yake. "Aliomba nini?"

"Maji ya kunywa."

"Ukampa?"

"Nikampa. Ndipo akatoa karatasi zake, nikasaini."

Mzee akasimama kutafuta kofia yake. Kwetu wajomba wa mwanamume wakija kuposa hawatamki kwamba wanataka mke. Husema wamekuja kuomba maji. Ukiwapa maji, umekubali, na wao wamefungwa pamoja nawe. Na mwanamume akishapokea maji kisha akavunja ahadi, wajomba wa mwanamke huamkia kwake kudai ng'ombe wa fidia.

Mambo hayo hupelekwa alfajiri. Kwa hiyo jua lilitukuta nje ya mlango wa benki, Mjomba na koti lake zito, mimi na Mma-Kefilwe tumejitanda mablanketi mabegani kama inavyotakiwa. Mlinzi alituzunguka akatuuliza tumeficha nini humo ndani.

"Aibu yenu," akajibu Mjomba.

Milango ilipofunguliwa hatukupanga foleni. Mjomba alimwambia msichana wa kaunta kwamba anamtaka mwenye boma. Akatokea meneja, kijana Oarabile, viatu vyenye ncha kali, tabasamu la kazini. Akatukaribisha ofisini kwake na, kwa heshima ya mzee, akajaza vikombe vitatu vya maji kutoka kwenye lile dumu lao linalobubujika.

Mjomba hakukigusa chake. "Hatunywi hapa mpaka neno letu lijibiwe."

Nilimwona Oarabile akibadilika. Tai ni ya benki, lakini mtoto ni wa kwetu, na alikuwa amekwisha kuona mablanketi. Akakaa taratibu, mikono juu ya magoti.

"Rra, mzee wangu, kuna nini?"

"Mlituma mtu kwetu kuomba maji. Tulimpa. Tangu siku hiyo binti yetu amekuwa mwaminifu kwenu. Amewaletea mtaa mzima. Amewaletea hata wafu. Leo mmemharibu na mnamtumia habari kwa simu. Sisi tumekuja kuuliza, ng'ombe wetu wako wapi?"

"Mma," Oarabile akamgeukia Mma-Kefilwe, "kwani tatizo ni akaunti yako?"

Mma-Kefilwe akatazama chini. Kwa desturi, aliyeharibiwa hasemi.

"Usimwulize yeye," nikasema. "Yeye leo hayupo."

"Samahani, Mma. Rra, mimi nawaelewa. Ila sheria hizi hazitoki kwangu. Zinatoka Johannesburg."

"Vizuri," Mjomba akasema. "Hata mimi nilishangaa kuona kijana anajibu peke yake. Waite wajomba zako."

Akapiga simu, nini tena angefanya. Akaweka sauti ya nje, ule muziki ukaanza, na Mjomba akavua kofia akidhani ni wimbo wa kanisa. Ulipoanza tena kwa mara ya pili aliufuatisha kwa besi. Mlango ulikuwa wazi. Watu wa foleni walishasogea, na kila mmoja akawa na lake. Mwalimu mmoja akasema naye ameongezewa makato. Mama mwenye kikapu akasema pointi zake zimekufa zote kwa pamoja kama kuku wa kideri. Mlinzi alikuja kuwatawanya, akabaki kusikiliza, kwa sababu naye alikuwa na kadi.

Hatimaye mwanamke akapokea huko Johannesburg. Oarabile akamweleza kwa lugha yao ya ofisini, mteja wa muda mrefu, hali ya pekee, watu wengi mlangoni. Alilisema hilo la watu wengi mara mbili. Yule mwanamke akasema kwamba, kama ishara ya nia njema, wanaweza kufanya kitu.

"Anasemaje?" Mjomba akauliza.

"Anasema nia njema, Rra."

"Muulize hiyo nia njema ina kwato ngapi."

Oarabile hakuuliza hivyo, lakini aliuliza. Jibu likaja kwamba pointi za Mma-Kefilwe zitarudishwa thamani yake ya zamani, zote, alimradi azitumie leo, na aendelee kuwa mteja wao mpendwa. Mama mwenye kikapu akapiga kigelegele, tukamnyamazisha, maana ng'ombe hawajaingia zizini.

"Tiketi ikatwe hapa hapa," nikasema. "Mbele yetu."

Ikakatwa. Johannesburg hadi Cape Town, kwenda na kurudi, jina lake kamili, kiti cha dirishani. Oarabile akaitoa kwenye mashine yake, karatasi ikiwa bado ya moto. Mma-Kefilwe aliipokea kwa mikono miwili akaiweka kifuani chini ya blanketi, na uso wake ulivyokuwa wakati ule sitausahau. Mimi mwenyewe ilibidi nifute miwani.

"Basi tumeelewana," Oarabile akasema, akipumua. "Sasa mtakunywa maji yetu?"

Mjomba akamtazama mpwa wake. Mma-Kefilwe akafumbua mdomo kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Mwanangu, una mkasi?"

Alimpa, bila kujua. Mma-Kefilwe akatoa kadi kwenye pochi, ile iliyokuwa imechubuka pembe kwa sukari yangu na majeneza ya watu, akaikata katikati, akaviweka vipande viwili juu ya meza vikitazamana.

"Lakini Mma, tumeshalipa," kijana akasema kwa unyonge.

"Mmelipa fidia," Mjomba akamwambia, kwa upole kabisa. "Fidia si ndoa." Akavaa kofia yake. Vile vikombe vitatu tuliviacha mezani vimejaa.

Nje mzee alikumbusha kwamba mjomba aliyesimamia shauri hupewa koti. Mma-Kefilwe akasema atamletea moja kutoka Cape Town, mzee akasema liwe na mifuko ya ndani.

Mma-Kefilwe alikwenda, na mahafali aliyaona. Miguu haikuvimba, na viatu alivivua, akaniambia hakuna aliyesema kitu. Picha yake na Kefilwe mwenye joho iko sebuleni kwake, mahali ambapo ukiingia tu lazima uione, na hata usipoiona utaonyeshwa. Siku hizi mtaani kila mtu analipa kwa noti yake mwenyewe, na nasikitika kusema dukani kumepooza.

Wiki iliyopita tulikuwa tumekaa kwenye ngazi yangu tukichambua mboga, simu yake ikalia. Sauti ya kijana, tamu, hata mimi niliisikia. Alikuwa anapiga kutoka benki nyingine. Akasema mama amechaguliwa, wana kadi mpya isiyo na makato mwaka mzima, na marejesho kwa vyakula vyote.

Mma-Kefilwe alitoa mchanga kwenye jani moja, taratibu, kisha akaisogeza simu mdomoni.

"Mwanangu, umechelewa. Hapa siku hizi maji hatutoi kwa simu. Njoo alfajiri, na uje na wajomba zako."